Gari Lilikuwa na Thamani Gani Jana Yake? Hotuba kwa Wanachama wa Ushirika wa Akiba na Mikopo, Arusha

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Nanyi wanachama wenzangu, nawasalimu.

Katibu aliponipigia simu alipendekeza nizungumze juu ya faida za bima ya magari. Nilimwomba radhi na kumwambia kwamba faida hizo wengi wenu mlielezwa siku mlipochukua mkopo wa gari, mkaambiwa kwamba bila bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lako mwenyewe, fedha hazitoki. Nikamwomba aniachie jambo moja tu, ambalo mtu haelezwi mpaka limkute. Kampuni ya bima imekubali kwamba ulikuwa na bima halali, imekubali kwamba ajali imetokea, imekubali kwamba gari lako halitengenezeki kwa gharama yenye maana, kisha inakuletea barua yenye kiasi cha fedha ambacho hakiwezi kukununulia gari kama lile katika yadi yoyote ya hapa Arusha. Ufanye nini na barua hiyo?

Ni haki mjue nazungumza kutoka upande gani. Kwa miaka 19 nilifanya kazi katika idara za madai, kwanza Moshi, baadaye hapa mjini. Barua hizo nimeziandika kwa mkono wangu, na nakiri kwamba sikumbuki hata moja ambayo niliiandika nikitaraji mpokeaji aniulize nimeipataje ile hesabu. Wengi walilalamika, wengine walilia, wachache walitukana. Waliouliza hesabu hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Kisha nilistaafu, na katika mwaka wa pili wa ustaafu wangu lori la mawe lilinigonga pale Kikatiti nikitoka Moshi. Nilitoka salama, lakini gari langu, RAV4 ya muundo ule mnaouita kilitime, lilibebwa na gari la kuvuta likiwa limejikunja kuanzia taa hadi usukani. Wiki tano baadaye nikapokea barua ya aina ile ile niliyokuwa nikiiandika. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kuisema kampuni.

Nilikuwa nimekata bima kwa thamani ya shilingi milioni 16. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 ada ilikuwa shilingi 560,000, na pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 nililipa shilingi 660,800. Barua ilisema thamani ya soko ya gari langu ilikuwa milioni 11.4, na kwamba kutoka hapo itakatwa ile sehemu ya hasara anayobeba mwenye bima, ambayo mawakala huiita eksesi.

Neno la kwanza linalomjia mtu midomoni ni hili: "Mlipokea ada ya milioni 16, mbona mnanilipa milioni 11?" Hata mimi, pamoja na ujuzi wangu wote, nililisema mbele ya mume wangu. Lakini kwenye barua sikuliandika, na nawasihi nanyi msiliandike kama hoja kuu, kwa sababu ni hoja inayoanguka mapema. Katika bima nyingi za magari, kiasi kilichoandikwa kwenye hati ni dari, yaani kikomo ambacho malipo hayavuki, wala si ahadi kwamba kitalipwa chote. Ahadi ni kulipa thamani ya gari kama lilivyokuwa muda mfupi kabla ya ajali. Isipokuwa hati yako iseme kwa maneno ya wazi kwamba mlikubaliana thamani tangu mwanzo, jambo ambalo huonekana zaidi kwa magari ya kale au ya pekee, milioni 16 yako haikusaidii kudai milioni 16. Inaweza kukusaidia kuomba urejeshewe ile ada uliyolipa juu ya thamani isiyokuwepo, na kuomba si dhambi, ila hayo ni maombi na usiyachanganye na dai.

Upande wa pili wa dari hiyo unauma zaidi. Yupo mtu anayekata bima ya milioni 10 kwa gari la milioni 20 ili ada iwe ndogo. Huyo likiangamia gari lake hapati zaidi ya milioni 10, hata akileta ushahidi wa mlima mzima. Na ikiwa hati yake ina kifungu cha uwiano, basi hata akigongwa taa na boneti kwa hasara ya milioni 6 anaweza kulipwa milioni 3 tu, kwa kuwa aliikatia bima nusu ya mali yake.

Kanuni inayotawala haya yote si ya kampuni fulani. Inatokana na sheria ya kawaida ya Uingereza, ambayo Tanganyika iliipokea mwaka 1920, na kesi inayotajwa zaidi ni ya mwaka 1883, kati ya Castellain na Preston, iliyohusu nyumba iliyoungua ikiwa katikati ya kuuzwa. Mwenye nyumba alilipwa na bima, kisha akalipwa bei yote na mnunuzi, na mahakama ikaamua kwamba bima irudishiwe fedha yake. Fundisho lake ni kwamba mwenye bima hulipwa fidia kamili na kamwe asilipwe zaidi ya fidia kamili. Katika miaka yangu 19 nilifundishwa nusu ya pili ya fundisho hilo mara nyingi mno: asipate faida, asipate faida, asipate faida. Nusu ya kwanza, kwamba fidia lazima iwe kamili, niliisoma mwenyewe kitabuni.

Basi mgogoro wote unabaki juu ya swali moja: gari lako, kwa hali liliyokuwa nayo jana yake, lingeuzwa kwa shilingi ngapi hapa linapouzwa? Mkopo uliobaki benki hauhusiki na swali hilo. Ada ya shule uliyokuwa ukiilipa kwa mapato ya gari haihusiki. Kwamba lilikuwa la marehemu baba, Mungu amrehemu, halihusiki. Barua yenye kurasa tatu za mambo hayo inapofika mezani kwa ofisa wa madai humpa nafasi ya kuandika pole ya ukurasa mmoja bila kugusa hesabu. Nimeziandika pole hizo.

Kitu cha kwanza nilichoomba ni nakala ya ripoti ya mkadiria hasara, yule tunayemwita asesa. Ofisa alinijibu kwamba ni waraka wa ndani. Niliandika tena, kwa adabu, kwamba sikatai wala sikubali ofa, ila siwezi kujibu namba ambayo msingi wake sijauona. Kwa hoja hiyo hawakuwa na jibu, na ripoti ilikuja baada ya siku tisa. Ilikuwa na kurasa nne. Kwenye ukurasa wa pili niliona kwamba gari langu limeandikwa kuwa limetembea kilomita 184,000. Lilikuwa limetembea 148,000. Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi, pengine kwa uchovu wa jioni, na kosa hilo lilikuwa limelizeesha gari kwa kilomita 36,000. Picha ya dashibodi ilikuwa kwenye ripoti hiyo hiyo, ukurasa wa nne.

Kosa la pili lilihitaji macho ya mtu wa hapa nchini. Asesa alikuwa ameorodhesha magari matatu ya kulinganisha, na yote matatu yalikuwa ya namba C, yaani yaliyosajiliwa zamani zaidi, wakati langu lilikuwa la namba D. Kwa mgeni hizo ni herufi tu za usajili. Kwetu sisi, mnunuzi anapofika yadi swali lake la pili baada ya bei huwa ni namba, kwa kuwa herufi humwambia gari limeteseka kwenye barabara zetu kwa muda gani. Magari mawili yaliyotoka kiwandani Japani mwaka mmoja, moja likasajiliwa hapa mapema na jingine miaka kadhaa baadaye, hayauzwi bei moja. Kila dalali wa magari anajua hilo. Asesa naye alilijua.

Kuonyesha kosa la mwenzako hakutoshi, kwa sababu ukiibomoa namba yake bila kuleta ya kwako, atatafuta namba nyingine iliyo karibu na ile ya kwanza. Nilizunguka yadi nne nikapata, kwa maandishi yenye muhuri na tarehe, bei za magari ya mwaka ule ule wa kutengenezwa, injini ile ile, namba D, na kilomita zisizopishana sana na zangu. Matangazo ya mtandaoni niliyapiga picha siku hiyo hiyo, kwa kuwa tangazo likishafutwa huna tena ushahidi. Nilifahamu pia kwamba bei ya tangazo si bei ya kuuzia. Kila mmoja hapa anajua kuomba kupunguziwa. Kwa hiyo nilipata nakala za mikataba miwili ya mauziano kutoka kwa watu waliouza magari kama langu katika miezi hiyo, majina yao yakiwa yamefunikwa, na nikaipa kipaumbele mikataba hiyo kuliko matangazo. Kujipunguzia mwenyewe kidogo kabla hujapunguziwa humfanya msomaji aamini kilichobaki.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, hata hivyo, sikuutafuta yadi. Ulikuwa kwenye faili lao. Nilipokata bima kubwa, gari lilikaguliwa na kupigwa picha pande zote, na mkaguzi wao aliandika kwamba hali yake ni nzuri sana. Ilikuwa miezi saba kabla ya ajali. Nikauliza katika aya moja fupi ni nini kilichotokea katika miezi hiyo saba kilichoshusha hali nzuri sana kuwa hali ya wastani, kama asesa alivyoandika. Wahenga wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika madai haya, daftari lenyewe mara nyingi limeandikwa na mshindani wako, nawe unachotakiwa ni kumwomba alifungue.

Risiti za matengenezo niliziambatanisha, lakini hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa maana wengi huvunjika moyo. Ukinunua matairi manne ya shilingi 800,000 mwezi mmoja kabla ya ajali, thamani ya gari haipandi kwa shilingi 800,000. Injini ikifanyiwa ovahoo, haipandi kwa gharama ya ovahoo. Risiti huthibitisha hali ya gari, kwamba halikuwa gari lililotelekezwa, na kwa njia hiyo huzuia makato ya uchakavu yasizidi kiasi.

Kuna kosa jingine ambalo halikunipata mimi, ila niliwahi kuliona likifanywa, na ofisa mmoja akalitetea. Mtu anachukua bei ya gari kutoka tovuti ya wauzaji wa Japani, bei inayoishia bandarini Dar es Salaam, kisha anaiita thamani ya soko. Gari bandarini si gari barabarani. Lina ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ushuru wa nyongeza kwa uchakavu, ambao kwa gari lililozidi miaka 10 ni asilimia 30, na kodi ya ongezeko la thamani juu ya hayo yote, mbali na gharama za wakala na usajili. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo mtandaoni ambacho kila mtu anaweza kukitumia. Ukiletewa hesabu ya namna hiyo, kokotoa kodi zote, ichapishe karatasi, uiambatanishe.

Ndugu zangu wa magari ya utalii, naona mmekaa upande wa dirishani kwa wingi, na kwenu jambo hili lina uzito wa pekee. Land Cruiser iliyorefushwa chesisi hapa Arusha, ikawekewa paa la kufunguka, viti, friji na redio ya mawasiliano, haina wa kulinganishwa naye katika yadi ya kawaida. Asesa akiipima kwa bei ya Land Cruiser ya kubebea mizigo, amekupunja kazi yote ya karakana. Lakini kabla ya kumlaumu, fungua fomu uliyojaza ulipoomba bima. Je, marekebisho hayo uliyataja? Thamani yake iliingizwa? Kama uliandika "Land Cruiser" peke yake ili ada ishuke, hata mimi singekuwa na la kukusaidia. Mapato unayoyakosa kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati wageni wamejaa Serengeti, nayo kwa kawaida hayamo katika bima ya gari isipokuwa umeyaongezea na kuyalipia.

Nije sasa kwenye mabaki ya gari lililoangamia, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotea kimyakimya. Kampuni inaweza kukupa hiari: tuchukue gari bovu tukulipe thamani yote, au ubaki nalo tukate thamani ya mabaki. Mwenye fundi wake hupenda kubaki nalo. Akiambiwa mabaki ni milioni 4, anakubali bila kuuliza ni nani aliyesema milioni 4. Mimi niliuliza: kuna mnunuzi aliyeleta zabuni ya maandishi ya kiasi hicho? Hakuwepo. Nikajibu kwamba kama yana thamani hiyo, basi wayachukue wao. Namba ya mabaki haikurejea tena katika barua zao.

Sasa kuna mtego ambao sikuutarajia, pamoja na miaka yangu yote. Gereji ilikuwa imekadiria matengenezo kwa milioni 7.6. Kwa gari la milioni 11.4 hiyo ni theluthi mbili ya thamani, na kampuni ile ilikuwa na utaratibu wa kulihesabu gari kuwa limeangamia matengenezo yakivuka asilimia 60. Kila kampuni ina kiwango chake. Mimi nilipokuwa nikithibitisha kwamba gari lilikuwa na thamani ya karibu milioni 14, nilikuwa nathibitisha pia, bila kukusudia, kwamba milioni 7.6 ni zaidi kidogo tu ya nusu, na kwa hiyo gari linatengenezeka. Ofisa mmoja kijana, hodari, aliliona hilo na kuniandikia kwamba kwa hoja zangu mwenyewe watalitengeneza. Nilicheka peke yangu, maana ningefanya hivyo hivyo. Kilichoniokoa ni kwamba gereji ilipolifungua gari zaidi iligundua bodi upande wa injini imepinda, na makadirio yakapanda hadi milioni 9.2. Kwa hiyo kabla hujaandika barua, amua moyoni unataka nini, fedha au gari lililotengenezwa, kisha piga hesabu ya pande zote mbili.

Kuhusu kusaini. Pamoja na ofa utaletewa vocha ya kumaliza madai, karatasi moja yenye maneno yanayosema kwamba umelipwa kikamilifu na huna dai lolote tena. Ukishaisaini, hoja zote nilizozitaja tangu nilipoanza zimekwisha. Mtu mwenye njaa ya nauli husaini, simlaumu. Lakini unaweza kuomba kwa maandishi ulipwe kiasi kisichobishaniwa kama malipo ya awali, bila kuathiri haki yako ya kudai kilichobaki. Wengine hukataa, wengine hukubali. Kadi ya gari na fomu ya kuhamisha umiliki nazo usizitoe zikatangulia fedha.

Kampuni ikishikilia namba yake, zipo ngazi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina ofisi ya kanda hapa Arusha. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, nayo itataka kuona kwamba umekwisha kulalamika kwa kampuni kwa maandishi. Ndiyo maana maneno ya simu hayana faida hata yakiwa matamu. Soma pia hati yako kama ina kifungu cha usuluhishi, yaani makubaliano ya kupeleka mgogoro kwa mwamuzi mliyemteua wenyewe nje ya mahakama, kwa kuwa mabishano juu ya kiasi, si juu ya kama unastahili, mara nyingi hupelekwa huko kwanza, na siku hizi yanaongozwa na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020. Mahakama ni ya mwisho. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, ila gari la kusubiri miaka sita silijui.

Kwa anayedai kwenye bima ya mtu aliyemgonga niseme neno moja: wewe hufungwi na hati ambayo hukuisaini, na eksesi iliyomo ndani yake ni ya mwenye hati hiyo. Tunza ripoti ya polisi, ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari.

Mimi niliishia kulipwa kwa thamani ya milioni 13.9, eksesi ikakatwa. Nilikuwa nimedai milioni 14.5. Laki sita hizo niliziacha kwa sababu mkataba mmoja kati ya ile miwili ya mauziano ulikuwa wa gari lililokuwa safi kuliko langu, na asesa aliponiuliza hilo sikuweza kumkatalia. Kutoka barua ya kwanza hadi malipo zilipita wiki kumi na moja, barua sita, na nauli za daladala ambazo sikuzihesabu.

Nakala za barua yangu ya pili, ile ya kuomba ripoti, ziko mezani kwa katibu. Nimefuta namba ya gari na jina la kampuni, mengine yote yapo kama yalivyokuwa. Mwenyekiti, nakurudishia nafasi, ila naomba tuanze maswali na yule mzee wa mstari wa pili, maana ameinua mkono tangu nilipotaja mabaki.